Ekru ya Sita

Mimi ninauza chumvi na samaki wakavu katika soko la Kasongo, na wote wanaonijua pale wanajua sina simile na hadithi za mashetani. Mtu akianza kuniambia kwamba mjomba wake alimwona marehemu akinunua vitunguu, namuuliza kama amekuja kununua au kunikalia kwenye kivuli. Kwa hiyo haya ninayowaambia msiyachukue kama porojo. Yalimpata mdogo wangu Hamadi, tumbo moja, na mimi Asma nilikuwa pale. Tena haikuwa usiku. Jua lilikuwa utosini.

Hamadi alikuwa shofere wa jipu kuukuu ya mfanyabiashara mmoja, akibeba mizigo kati ya Kasongo na Kabambare. Jumanne ile nilipanda naye kupeleka chumvi Lusangi, kwa wachimba dhahabu. Mke wake Djamila alikuwa hukohuko kwa mama yake, mimba imekomaa. Mpango wetu ulikuwa mwepesi: tulale kambini kwa wachimba, asubuhi tushushe chumvi, tumsalimie Djamila kijijini, tugeuze. Njia nzima Hamadi aliimba, nami nikamwambia anyamaze, gari lenyewe lina kelele za kutosha.

Asubuhi tulimkuta Djamila ameshikwa na uchungu tangu jioni ya jana, midomo imemkauka. Muuguzi wa zahanati, msichana mmoja anaitwa Carine, alinivuta pembeni ya ukuta.

"Mama Asma, mutoto amelala kwa kukingama," alininong'oneza. "Hapa mimi siwezi kitu. Mumufikishe Kasongo, kwa munganga wa kupasua, mbele jua izame. Ikipita pale, sijue."

Tulitandika godoro nyuma ya jipu. Nilikaa, nikampakata wifi yangu kichwa chake mapajani. Hamadi hakuimba tena.

Ilikuwa saa saba na kitu tulipofika kwenye ule mteremko unaoshukia daraja la magogo. Hapo gurudumu la nyuma, la kushoto, likapasuka. Hamadi hakusimama. Alizidi kukanyaga mafuta, gari likiyumba, chuma kikikwaruza mawe, Djamila akilia kwa kila mtikiso. Nilimpiga bega. "Simama, utamuua mke wako." Akasimama, lakini hakuteremka. Aliketi ameshika usukani, akitazama mbele.

"Yaya, si hapa," alisema, maana mimi ni dada yake mkubwa. "Tusogee kidogo tu."

Nilijua kwa nini. Miezi minane nyuma, mahali palepale, Gédéon alikufa. Huyo Gédéon alikuwa shofere mwenzake, mtoto wa wakulima wa pembeni ya mji, mkristo, mpole. Yeye na Hamadi walisoma darasa moja, wakajifunza gari siku moja. Gédéon alikuwa na tabia ambayo watu waliicheka. Kila aliposimama, hata kwa kununua ndizi, alizunguka gari na ufunguo wake wa spana mkononi, akikaza ekru za magurudumu moja baada ya nyingine. Ekru ni zile wenzetu wa Tanzania wanaita nati. Akimaliza kukaza moja, aliigonga mara tatu kwa ufunguo. Kong, kong, kong. Kisha nyingine.

Na mtu huyohuyo ndiye gurudumu lilimchomoka. Jipu yake ilibingirika mpaka mtoni. Watu wakasema alikuwa amekunywa lutuku, maana gari la Gédéon lingechomokaje gurudumu kama si pombe? Mwenye gari lake alisema hivyo, soko lilisema hivyo, mpaka kanisa lake likaamini. Kwaya ilikataa kumwimbia. Mjane wake, Estelle, alimzika mumewe kimya, na tangu hapo alikuwa anakaa benchi ya nyuma kanisani.

Basi Hamadi aliteremka, maana hakuwa na la kufanya. Akatoa ufunguo. Ekru ya kwanza ililegea, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, vizuri kabisa. Ya sita ikakataa.

Alisimama juu ya ufunguo kwa miguu yote miwili. Ufunguo uliteleza, akaanguka. Alipojaribu tena, pembe za ekru zilikuwa zimeliwa, imekuwa mviringo. Sikumsumbua. Mashofere wa njia hii wana mbinu zao. Aliimwagia mazutu kidogo, yaani dizeli, akangoja. Akachukua duyi ndogo, ile ya kuvalisha juu ya ekru, ndogo kuliko saizi yake, akaipigilia kwa nyundo mpaka ikauma. Akachomeka chuma kirefu, akavuta. Shingo ilimvimba mishipa.

Ikasogea kidogo.

"Inakuja," alisema. Alichovya kidole katika unga wa muhogo ambao mkwe wake alitupatia, akachora mstari mweupe kutoka kwenye ekru mpaka kwenye rimu, apate kuona inavyozunguka. Akavuta tena. Mstari ulikatika, nusu iliyo kwenye ekru ikaenda kushoto, upana wa kidole. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Hamadi alinyooka, akanywa maji, akampa na mke wake. Haikufika dakika mbili.

Aliporudi kuchuchumaa, alikiweka chuma chini. Nikamuuliza nini. Akanionyesha.

Mstari wa kwenye ekru ulikuwa umerudi. Haukusimama pale ulipochorwa. Ulikuwa umepita, umekwenda kulia. Ekru ilikuwa imekazwa zaidi.

"Ulivuta upande mbaya," nilimwambia.

"Yaya, hii kazi niko nafanya tangu miaka kumi na mbili."

Nikamwambia achore tena. Akachora. Akavuta, ikaja kushoto, naona kwa macho yangu. Tukasimama tunaitazama, wote wawili, hakuna aliyepepesa. Haikutikisika. Kisha Djamila akapiga yowe, tukageuka kumtazama. Tulipogeuza macho, mstari ulikuwa kulia.

Na chini ya gari kikagonga kitu. Mara tatu.

Niliinama kuchungulia. Vumbi, mafuta yanayodondoka, majani upande wa pili. Nilijiambia ni chuma kinapoa. Chuma kikipoa hulia, kila mtu anajua.

Wakati huo akatokea mtu na baiskeli, akipanda mteremko. Ni mchimba dhahabu, anaitwa Pitchou, ananunuaga chumvi kwangu. Alikuwa na burini yake, ile tindo ya kupasulia mwamba, na nyundo ya kilo tano. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Ekru ikikataa kufunguka, unaipasua kwa tindo ubavuni, inafunguka kama karanga, kazi imekwisha. Pitchou aliona hali ya Djamila, akaitupa baiskeli majanini, akapiga magoti bila kuuliza maneno mengi.

Alipiga mara nne, mara tano. Tindo ya mwamba ilikuwa inateleza juu ya ekru, haiachi hata alama. Pitchou akajifuta jasho, akatazama chini ya gari, kisha akamtazama Hamadi. Alikuwa amekasirika kidogo.

"Shofere, na ule mwenzenu iko upande wa pili, mbona hatusaidie? Anachuchumaa tu, anashika gurudumu."

"Mwenzetu yupi?" nilimuuliza.

"Si ule wa shati ya bluu."

Pitchou alizunguka gari. Alibaki huko kidogo. Aliporudi hakupita karibu na sisi, alipitia mbali, majanini, akaokota baiskeli yake.

"Burini mubaki nayo," alisema, na sauti haikuwa yake. Akashuka kuelekea darajani akikimbia, baiskeli ubavuni, hakumbuki hata kuipanda.

Gédéon alikufa amevaa shati la bluu. Mimi niliuona mwili.

Hapo sasa niliogopa. Sitawadanganya. Nilishika mlango wa gari. Jua lilikuwa limeanza kuinama, tulikuwa bado na mwendo mrefu, na Djamila alikuwa ameacha kupiga kelele. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko mayowe. Nilimtazama Hamadi. Hakuwa anashangaa. Mtu anayeona jambo la ajabu anashangaa. Ndugu yangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hamadi," nilimwambia polepole. "Hii ekru ni ya nani?"

"Ya gari."

"Nitazame. Wenzake watano wana kutu, hii ni nyeupe. Umeitoa wapi?"

Kutoka ndani Djamila akanong'ona, "Wifi, niko nakwenda." Basi nikamshika mdogo wangu kola, mimi ambaye sijamgusa tangu alipotahiriwa.

"Mficha uchi hazai. Huyu mke wako yuko anakufa. Sema."

Akasema.

Kwenye njia yetu iko desturi. Shofere akipoteza ekru, mwenzake anamtolea moja. Gurudumu la ekru sita linatembea na tano, hakuna neno. Lakini sharti umwambie shofere mwenyewe, naye azikaze zilizobaki na akumbuke kwamba hapo amekwisha kutoa. Siku ile, miezi minane nyuma, Hamadi alipungukiwa. Gari la Gédéon lilikuwa limesimama sokoni Kabambare, mwenyewe amekwisha kukaza ekru zake, anakula. Hamadi alitoa moja, akaondoka. Akajiambia atamwambia wakikutana.

"Njo hivyo tu," alisema. "Moja tu, Yaya. Kisha nikasikia amekufa. Walivyosema ni lutuku, nikanyamaza."

"Mwambie yeye, usiniambie mimi."

Alipiga magoti mbele ya gurudumu. Niliona haya kumtazama. "Gédéon, ndugu yangu," alisema. "Nilikutolea ekru bila kukuomba. Unisamehe." Akavalisha duyi, akavuta.

Haikusogea.

Kong, kong, kong. Safari hii haikuwa chini ya gari. Ilikuwa ndani ya gurudumu lenyewe, nyuma ya ekru, kama mtu anayebisha hodi na kungoja.

"Kuna kitu umebakiza," nilimwambia.

Hamadi alianza kulia. Alilia na makamasi kama mtoto, paji la uso limeegemea mpira. Sauti ilitoka chini sana, nikalazimika kuinama.

"Nilihesabu," alisema. "Wengine walikuwa wamekwisha kumutolea. Nilikuta zimebaki ine. Nilihesabu, nikajua ni ine, nikatoa. Nikamwacha na tatu."

Upepo haukuwapo. Ndege pia. Mimi nilijisikia kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja, na sikufanya hata kimoja.

"Nikifika Kasongo nitaenda kwa Estelle," alisema. "Nitamwambia mbele ya watu. Hukunywa, Gédéon. Nitawaambia wote hukunywa."

Akainua mkono kushika duyi. Duyi ikaanguka yenyewe. Akaigusa ekru kwa vidole viwili, ikazunguka. Ilizunguka laini, kama kifuniko cha chupa, ikamwangukia kiganjani. Alinipa niishike. Jua lote lile, rimu inachoma mkono, na ekru ilikuwa ya baridi kama imetoka mtungini. Niliitupa majanini.

Tulifunga gurudumu la akiba kwa ekru tano, tukafika Kasongo jua likiwa juu ya miti. Walimpasua Djamila mara moja. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, ana sauti. Wakamwita Ibrahim, jina la baba yetu. Nilicheka, nikalia, nikagawia wauguzi wote samaki.

Na sasa mniulize: Hamadi alikwenda kwa Estelle? Hakwenda. Siku ya kwanza alisema Djamila apone kwanza. Siku ya nne alisema Ijumaa. Ijumaa alisema mwenye gari akisikia atamfukuza, labda atamfunga, na mtoto atakula nini. "Nimekwisha kumwambia Gédéon mwenyewe," alisema. "Alisikia. Alifungua." Na mimi, mwenye mdomo mrefu soko zima linaujua, sikumbana. Nilitaka ndugu yangu abaki nyumbani. Nasema wazi, nilinyamaza kwa hiari yangu.

Siku ya kumi walirudi nyumbani. Kwetu mtoto akitoka maternite, shangazi ndiye anayemfunga uzi mweusi kiunoni. Nimewafunga watoto saba wa ukoo wetu. Nilimfunga Ibrahim, nikapima kama ninavyopima siku zote, vidole viwili vinapita chini ya uzi.

Kesho yake asubuhi kilipita kimoja.

Nikasema mtoto amenenepa. Watoto wanene ni baraka. Lakini nilitaka kuulegeza, na fundo halikufunguka. Fundo langu mwenyewe.

Jumapili asubuhi Djamila aliniita. Uzi ulikuwa umezama. Nyama ya mtoto ilikuwa imevimba juu na chini yake, na uzi hauonekani. Hakuwa analia. Alikuwa akipumua vifupi vifupi, macho wazi. Nilichukua wembe mpya, nikautoa kwenye karatasi yake, nikapitisha polepole. Wembe uliteleza. Nikapitisha tena. Uliteleza. Mkasi ulipinda.

Chini ya kitanda kikagonga. Tatu.

Djamila hakupiga kelele. Alimtazama mume wake, maana kule kwenye mteremko alikuwa amesikia ya kutosha, siku zote hizo alikuwa anajua.

"Nenda," alimwambia.

Tulipanda pikipiki moja, Hamadi anaendesha, mimi nyuma na mtoto kifuani. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Estelle alikuwa kanisani, ibada katikati. Hamadi, mtoto wa msikiti, ambaye hajawahi kuvuka kizingiti kile, aliingia akasimama kati ya mabenchi. Mhubiri alinyamaza.

"Mimi ni Hamadi, shofere," alisema. "Gédéon hakunywa. Gurudumu lake ni mimi. Nilikuta ekru ine, nikahesabu, nikatoa moja kwa siri. Nimemwacha mumusingizie miezi minane. Estelle, ni mimi."

Estelle aliinuka kwenye benchi ya nyuma. Nilidhani atampiga, na ningemwacha ampige. Alimpita Hamadi bila kumtazama, akaja kwangu, akafunua kitenge. Akaona. Midomo ya mtoto ilikuwa imekuwa ya bluu.

Aliweka vidole vyake kiunoni mwa Ibrahim, akainama karibu sana.

"Basi, baba," alimnong'oneza marehemu mumewe. "Wamesikia. Wacha mutoto."

Fundo lilifunguka. Uzi ulianguka sakafuni, na mtoto akavuta pumzi, akalia mpaka watoto wengine wakalia naye. Estelle aliketi palepale chini, akajifunika uso. Alilia kwa muda mrefu sana, na wanawake wa kwaya, mmoja mmoja, wakaja kuketi karibu naye.

Mwenye gari alimfukuza Hamadi, kama alivyoogopa. Siku hizi analima, shamba lake na la Estelle, na Estelle anapokea kazi yake lakini hazungumzi naye. Mimi sioni ubaya. Gédéon angekuwa mume wangu, mimi pia nisingezungumza na Hamadi.

Ibrahim ana miaka mitatu sasa, mtundu kupita kiasi. Mahali pa ule uzi pamebaki mstari mweusi, unazunguka kiuno chote. Carine alipokuja mjini aliutazama, akasema ni kovu. Lakini kovu halina harufu ya mafuta ya gari. Nimeusugua kwa majivu, kwa limau, kwa petroli. Kila asubuhi nikimwogesha unafifia kidogo, nafurahi. Nikimtoa mtoto kwenye beseni, juu ya maji yamebaki mafuta, meusi, yanazunguka taratibu kwenda kulia. Namwaga mbali na nyumba. Na kesho yake mstari umerudi, mbichi.